Tiki ya Mwalimu kwenye Mzeituni

Katika chama chetu cha wapenda okidi hapa Eldoret, hakuna mtu anayeng'oa mmea. Tunaokoa. Ukija mkutanoni Jumamosi na kipande cha gome chenye okidi ya mwituni iliyokishikilia kwa mizizi, hutaulizwa umeitoa wapi. Utaulizwa umeiokoa wapi. Ukishajibu, huitwi mwenye mmea bali mlezi wake, kana kwamba umemchukua mtoto yatima ukampa kitanda. Zamani maneno hayo yalinipendeza. Siku hizi nikisikia mtu akiyatamka huku akikoroga chai, huwa naweka kikombe changu chini ili nisikivunje.

Kwa asiyezijua, okidi za kwetu nyingi haziishi ardhini. Zinaishi juu ya miti, zimeng'ang'ania gome kwa mizizi minene ya rangi ya majivu, na hazinyonyi mti chochote. Zinakunywa mvua na ukungu tu. Mti ukianguka, au mkulima akiukata apande mahindi, okidi zilizokuwa juu zinalala kwenye nyasi na kukauka pole pole. Ndiyo maana waanzilishi wa chama waliweka sheria ambayo kila mwanachama mpya huambiwa siku ya kwanza: mmea wa mwituni hautolewi kwenye mti ulio hai. Unaokolewa kwenye mti ulioanguka, au mti uliohukumiwa kukatwa. Aliyeuokoa anakuwa mlezi, na mlezi hanyang'anywi.

Ni sheria nzuri. Tatizo lake ni kwamba haisemi nani anatoa hukumu.

Mimi niliingia chamani kwa sababu ya mti mmoja, na mti huo uko kwenye uwanja wa nyumba ninayopanga, Kiplombe. Mwenye nyumba wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Majirani wote wanamwita Mwalimu, watoto wake wakija likizo wanamwita Mwalimu, na mimi pia. Alikuja huku kutoka Vihiga akiwa kijana, yeye na mumewe, wote walimu, wakanunua kipande cha shamba kilichokuwa na vichaka na mzeituni mmoja wa mwituni uliokuwa mzee tayari. Mumewe alifyeka kila kitu isipokuwa huo mzeituni. Matawi yake yalikuwa yamejaa okidi, na marehemu, ambaye hakujua hata jina lake, alisema mtu hawezi kukata mti uliovaa.

Maua ya okidi hizo ni meupe, yamepangana kwenye kikonyo kinachoning'inia, na kila ua lina mkia mwembamba nyuma, mrefu kuliko kidole. Mchana hayana harufu kabisa. Jua likishaanza kuzama, wakati wa mvua, harufu inatoka yote kwa pamoja na kujaza uwanja. Mimi niliifananisha na asali. Mwalimu alikataa. Alisema inanuka kama shuka zilizoanikwa juani halafu zikakunjwa.

Jambo moja lazima lieleweke hapa. Mwalimu ana presha ya macho. Ilianza kumnyang'anya pembeni, ikaja katikati. Sasa anaona mwanga, anaona rangi kali, anaona kwamba mtu amesimama mlangoni lakini hajui ni nani mpaka aongee. Yale maua hajayaona kwa macho kwa miaka kadhaa. Alichobaki nacho ni harufu. Msimu ukifika, jioni alikuwa anafungua mlango wa jikoni, anaweka kiti pale kizingitini na kukaa, bila redio, bila kushona, bila kitu. Siku ya kwanza ya harufu alikuwa ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya uwanja: "Mpangaji, yamefunguka." Mimi mwenye macho mazima nilikuwa sijaona.

Chama kiliujua mti huo kabla yangu. Kila mwaka, wakati wa maua, wanachama walikuja alasiri moja kwa ziara. Mwalimu aliwapikia chai ya maziwa, mandazi na njugu karanga, nao wakapiga picha, wakapanda ngazi kuangalia kwa karibu, wakaulizana majina ya Kilatini. Mwenyekiti wetu, mzee mpole aliyestaafu kazi ya benki, alikuwa na hotuba yake ya kila mwaka. Alisema mti huu ni hazina ya chama.

"Ni wa chama tangu lini?" Mwalimu alimjibu mwaka mmoja, akimpitishia sukari. "Mimi nilidhani ni wangu."

Tulicheka sote. Ilikuwa mzaha mzuri wakati huo.

Sasa nitaeleza kilichotokea kwa mpangilio, kama nilivyozoea kazini. Kwa miaka mingi nimeandika habari za mahakama, na jambo moja nililojifunza ni kwamba hasira isiyo na mpangilio haimsaidii aliyeibiwa.

Kando ya ua wa Mwalimu kulikuwa na mikaratusi ambayo marehemu aliipanda kwa ajili ya kuni. Ilikuwa imekua mno na maji ya kisima yalikuwa yanashuka, kwa hiyo Mwalimu akaamua ikatwe yote. Alimpata fundi wa msumeno wa injini kutoka mji mdogo wa Ziwa. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: mzeituni umesimama mstari mmoja na mikaratusi, na kijana akishika msumeno huwa hachagui. Alimwambia fundi kwa simu, lakini simu haikumtosha. Alitaka alama.

Kulikuwa na rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka geti. Mimi nilikuwa kazini. Mzee anayemkamulia ng'ombe alijitolea kumsaidia, akakataliwa. Mwalimu alimwambia kwamba amesahihisha madaftari maisha yake yote, hawezi kushindwa na mti. Na kwa mwalimu, kitu kilicho sawa kinawekewa tiki. Alichovya brashi, akapapasa gome, akachora tiki kubwa ya kuonekana kutoka barabarani: mkono mfupi unashuka, mkono mrefu unapanda. Lakini gome la mzeituni mzee lina matuta. Brashi iliruka, akahisi kwamba mkono mrefu haukutoka vizuri, akarudi kuuchora tena kutoka pale alipodhani umeanzia. Haukuanzia pale.

Niliporudi jioni niliona X. Si X safi, mguu mmoja ulikuwa mfupi na rangi ilikuwa imetiririka, lakini ni X. Nilimwambia. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Basi mti umefeli," alisema. "Wacha, fundi nimemwambia kwa mdomo. Wenye rangi asiguse."

Kila mtu Kenya anaijua X nyekundu. Ikipakwa kwenye ukuta wa duka lako, maana yake uko kwenye njia ya barabara, anza kufunga mizigo. Kwa hiyo mtu akipita barabarani, akaona mzeituni wa Mwalimu una X nyekundu, akashtuka, mimi simlaumu. Hata mimi ningeshtuka. Kosa hilo ningelisamehe siku ile ile.

Wiki hiyo dada yake Mwalimu alifariki nyumbani Vihiga. Nilimwendesha kwa gari langu, na kwa sababu sikuwa na kesi yoyote ya kufuatilia, nikabaki naye mpaka mazishi yakaisha. Simu zetu zilikuwa zimezima nusu ya muda. Umeme ulikuwa wa kubahatisha na watu wa kuchaji walikuwa wengi. Tulikuwa tunalala kwenye mikeka na kupika kwa sufuria kubwa. Hakuna aliyekuwa na habari ya okidi.

Tuliporudi ilikuwa alasiri. Mikaratusi ilikuwa chini, imekatwa vipande na kupangwa vizuri, visiki vimebaki mstari mrefu kando ya ua. Mzeituni ulikuwa umesimama. Fundi wa Ziwa alikuwa ameelewa alichoambiwa. Nilimwambia Mwalimu tukiwa bado kwenye gari kwamba mti upo, akasema Mungu ni mwema. Halafu nikashuka kufungua geti, nikatazama juu.

Matawi yalikuwa uchi. Gome lilikuwa na madoa meupe, mabichi, mahali ambapo mizizi ilikuwa imeshika kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na katikati ya madoa mengine vilikuwa vimebaki vipande vya mizizi vilivyokatika, vimejikunja. Kwenye tawi la chini, lile kubwa, walikuwa wamechukua mpaka gome lenyewe kwa kisu. Hawakuacha hata mche mmoja mdogo. Nilizunguka mti wote, nikatumia ngazi ileile ambayo walikuwa wameiacha imelala kwenye nyasi.

Mwalimu alikuwa ameshuka peke yake, akatembea hadi mtini, akaweka viganja viwili kwenye tawi la chini. Alipapasa kutoka shinani kwenda nje, polepole, kama mtu anayesoma. Akafika mahali gome lilipokatwa na kisu, akatoa mkono haraka kana kwamba ameungua.

Mzee wa kukamua alikuja na kofia mkononi. Alisema wale watu wa chai walikuja. Aliwajua kwa sura, wote, kwa sababu kila mwaka ndiye anayewafungulia geti. Walimwambia kwamba mti wa Mwalimu umepigwa X na wamekuja kuyaokoa maua kabla ya kukatwa. Alijaribu kutupigia, hatukupatikana. Aliwauliza kama hawawezi kungoja, akaambiwa msumeno haungoji mtu.

Usiku ule nilifungua kikundi chetu cha WhatsApp baada ya siku nyingi za kutokisoma. Katibu wetu, mama mwenye duka la maua mjini anayetengeneza mashada ya harusi na mazishi, alikuwa ameweka picha ya mzeituni na X yake, na maneno haya: "Wapendwa, mti wa Mwalimu umehukumiwa. Tuwahi." Chini yake kulikuwa na mikono ya kuomba na miguu inayokimbia. Halafu picha za kazi yenyewe: watu juu ya ngazi, magunia, katoni za mikate, mwenyekiti ameshika shina zima lenye vikonyo vilivyoanza kutoa matumba. Halafu picha za nyumbani, kila mlezi na watoto wake. Na pongezi. Mungu awabariki kwa moyo wenu. Mmefanya kazi ya maana.

Nilizitazama zile picha moja moja, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ile ya kwanza, ya X, niliikuza mpaka ikajaa kioo. Nyuma ya mzeituni, kushoto, vilikuwa vinaonekana visiki. Mstari mzima wa visiki, na magogo yamepangwa.

Yaani fundi alikuwa ameshapita. Alikuwa amekata alichotumwa kukata, amefagia, ameondoka. Yule aliyepiga picha alisimama mbele ya mti mmoja uliobaki hai kwenye mstari mzima uliokatwa, akaona alama juu yake, na hakujiuliza kwa nini huu peke yake umeachwa. Wala waliokuja nyuma yake na magunia hawakujiuliza. Watu wanaoweza kutofautisha aina mbili za okidi kwa urefu wa mkia wa ua hawakuweza kuona visiki.

Sikuamini basi, na siamini leo, kwamba hawakuviona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mkutanoni. Tunakutana uwanjani kwa mwenyekiti, chini ya neti yake ya kivuli. Mezani zilikuwa zimewekwa okidi tano za Mwalimu, zimefungwa kwenye vipande vya mbao kwa nyuzi za kuvulia samaki, maridadi. Nilingoja mpaka sala ya kufungua ikaisha. Nikaeleza kwamba mti haukuwa umehukumiwa, alama iliwekwa na mwenyewe ili usiguswe, mti umesimama na ni mzima. Nikawaonyesha picha yao wenyewe, na visiki. Nikaomba mimea irudishwe mara moja, kabla mizizi haijakauka na kabla mvua haijapungua, ili ipate kushika tena.

Wote waliinamia meza. Nilidhani ni aibu. Ilikuwa ni kutafuta maneno.

Mwenyekiti alianza kwa kusema pole. Alisema pole mara nyingi sana. Kisha akasema kwamba kila mtu alitenda kwa nia njema, na kwamba mmea ambao umeshafungwa mahali papya ukifunguliwa tena unaumia mara ya pili. Hilo ni kweli, na ndilo lililonikasirisha zaidi: kwamba alichukua ukweli wa ulezi na kuufanya kufuli.

"Unataka turudishe ili zife?" katibu aliniuliza. "Mimi zangu zimeanza kutulia. Na kesho Mwalimu akizeeka zaidi, watoto wakauza, si huo mti utakatwa tu?"

"Kwa hiyo mmeokoa kwenye mti utakaokatwa siku moja," nilisema.

"Miti yote itakatwa siku moja, dada."

"Wewe shamba lako lina miti. Nije na gunia?"

Mtu fulani nyuma akasema huyu sasa ni wakili wa mti, na watu wakacheka kwa sauti ile ya kushukuru kwamba kuna aliyepata cha kucheka. Mwenyekiti akainua mkono. Alisema tusigeuze chama kuwa mahakama. Alisema sheria ya mlezi ndiyo inayotuunganisha, tukianza kunyang'anyana leo hakutakuwa na chama kesho. Alipendekeza kamati ya kuliangalia suala hilo kwa hekima. Kamati iliundwa hapo hapo, ikaombewa. Haikuwahi kukutana.

Nilimwendea kila mmoja nyumbani kwake. Nilitaka kujua, kwa kila mtu, ni neno gani hasa linalomzuia. Mmoja alisema atarudisha wengine wakirudisha. Mwingine alisema yeye alichukua ndogo tu. Daktari wa meno mmoja, mtu ninayemheshimu, alinipeleka kwenye baraza yake akanionyesha: alikuwa amezimwagilia kila siku kwa upendo, kwenye baridi yetu ya Julai, na maji yalikuwa yamekaa katikati ya majani. Shina lote lilikuwa limeoza, jeusi, laini kama ndizi iliyosahaulika. Alisema anasikitika sana. Aliniuliza kama najua dawa ya ukungu iliyo nzuri.

Juu ya mti wa Mwalimu okidi hizo zilipigwa na mvua na baridi hiyo hiyo kwa miaka yote bila mlezi.

Nyumbani, Mwalimu hakugombana na mtu. Hilo pia lilinikasirisha. Jioni alifungua mlango wa jikoni kama kawaida na kuweka kiti. Nilimwuliza mara moja anakaa hapo kwa sababu gani. Alisema ni mazoea ya miguu, inamleta yenyewe. Msimu wa maua ulipita hivyo. Harufu iliyokuja pale mlangoni ilikuwa ya maganda ya mikaratusi na mavi ya ng'ombe.

Halafu mwenyekiti akampigia simu. Maonyesho ya kila mwaka yalikuwa yanakaribia, katika ukumbi wa kanisa tunaouazima, na chama kilikuwa kimeamua kumheshimu Mwalimu kwa mchango wake. Walitaka awe mgeni rasmi, akabidhi zawadi.

Nilimwambia asiende. Nilisema mengi, mengine sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" aliuliza. "Nipigie pasi ile gauni ya buluu."

Ukumbi ulikuwa umejaa, mlango wa pembeni wazi, mwanga wa saa tano asubuhi ukiingia kwenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Okidi za dukani zilikuwa zimepewa meza yao, za mwituni meza yao. Katikati ya meza ya mwituni, kwenye kipande cha mti kilichong'arishwa, ilikaa ya katibu. Ilikuwa kubwa kuliko zote, yenye kikonyo kimoja kilichochelewa, na maua yake meupe yalikuwa yamefunguka kikamilifu. Waamuzi walikuwa wameshaipa utepe wa kwanza. Nilimwongoza Mwalimu hadi pale akiwa ameshika kiwiko changu. Mwenyekiti na katibu walitembea upande wake wa pili, wakimweleza vitu ambavyo hakuweza kuviona.

Aliinama, akasogeza pua kwenye maua. Alikaa hivyo kwa muda.

"Ni yenyewe?" aliniuliza.

"Ni yenyewe, Mwalimu. Ni mchana."

"Najua ni mchana." Alisimama wima. "Kuna karatasi? Nisomee."

Nilisoma lebo. Jina la Kilatini. Halafu: Imeokolewa, Kiplombe. Halafu jina la mlezi.

"Imeokolewa kutoka kwa nani?" Mwalimu aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza vile mwalimu anavyomwuliza mtoto aliyeandika jibu bila kuonyesha njia. Mwenyekiti alisafisha koo. Alisema, kutoka kwenye mti, Mwalimu, mti ulikuwa umewekwa X.

"Nani aliiweka?"

"Tulifikiri watu wa barabara."

"Ni mimi. Na haikuwa X, ilikuwa tiki. Macho yangu ndiyo yaliyoikosea. Yenu yalikuwa na shida gani?"

Mwalimu alifungua mkono, akaomba kalamu nyekundu. Mmoja wa waamuzi alikuwa nayo, akampa kabla hajafikiri. Nilimwekea kidole chake pembeni mwa lebo. Alichora mstari mmoja polepole, akaufuata kwa ncha ya kidole cha mkono wa kushoto mpaka akapata katikati yake, akapitisha wa pili juu yake. Ilitoka safi, katikati ya neno imeokolewa.

"Hii sasa ndiyo X," alisema. "Mmeona tofauti? Fanyeni masahihisho."

Kisha akakabidhi zawadi. Zote. Alikuwa ameahidi, akatimiza. Katibu alipofika mbele yake, Mwalimu alimpa utepe, akamshika mkono, akamwuliza watoto hawajambo. Mimi nilisimama ukutani. Ningekuwa mimi ningepindua meza. Katibu alirudi kukaa akiwa ameshika utepe kifuani kama mtu aliyepewa barua asiyotaka kuifungua, lakini aliushika.

Wiki zilizofuata walianza kuja. Hawakupiga simu kwanza, wala hakuna aliyeomba msamaha. Katoni ya mkate iliachwa getini, mfuko wa karatasi ukaning'inizwa kwenye komeo, daktari wa meno akaja mwenyewe na sufuria yenye machipukizi mawili yaliyopona. Nilizifunga zote mtini kwa soksi ndefu za nailoni za Mwalimu zilizochakaa, kwa sababu nailoni inanyooka bila kukata mizizi. Mwalimu alikaa chini akinipitishia vipande. Zilizorudi zilikuwa chini ya nusu ya zilizoondoka, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na mizizi mifu na majani yaliyokunjamana.

Ya katibu haikurudi. Alituma ujumbe kwamba ile sasa ni mmea wa maonyesho, haiwezi kustahimili nje.

Na mwenyekiti akaweka picha kwenye kikundi, mzeituni ukiwa na soksi zake, akiwashukuru wanachama kwa kuiachia mimea hiyo uhuru wake. Aliuita mradi. Niliandika jibu refu, nikalifuta, nikajiondoa kwenye kikundi. Sijarudi. Ninazo okidi zangu chache za dukani dirishani, na hakuna mtu aliyeziokoa.

Kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, Mwalimu aliniomba nipake alama upya, kwa sababu rangi imeanza kubabuka. Nilinunua kopo jipya. Nilitaka kuandika kwa herufi kubwa, kama vile watu wanavyoandika kwenye mashamba yao kwamba hayauzwi: MTI HUU HAUOKOLEWI. Nilikuwa nimeshachora mstari wa kufuatia.

"Utaandika insha kwenye mti?" aliuliza. "Weka tiki. Anza chini kushoto. Fupi, halafu ndefu."

Nikaweka tiki. Nilikwangua ile X yote kwanza, mpaka kidole chake hakikuipata tena.

Mvua zimekuja. Jioni anafungua mlango wa jikoni na kuweka kiti, na mimi nikitoka kazini napitia mtini na ngazi kabla ya kuingia ndani, kwa sababu najua ataniuliza. Sijaona kikonyo hata kimoja. Juzi, chini ya soksi kwenye tawi lililochunwa gome kwa kisu, niliona mzizi mmoja mpya, ncha yake kijani, umeanza kulala kwenye gome. Nilikwenda kumwambia.

"Mzizi hauna harufu," alisema, akauacha mlango wazi.